Mazoezi yaliyoingizwa mara tatu: uchambuzi wa kisa cha uzito uliogoma

Mwenye kisa hiki ni mhasibu wa duka la jumla Kariakoo, mkazi wa Tabata, mama wa watoto wawili. Ana miaka 36, urefu wake ni sentimita 162, na siku alipofika kwangu mwezi Septemba mizani ilisoma kilo 84. Ameridhia kisa chake kiandikwe mradi jina lake na la mwajiri wake yasionekane.

Wengi wanaokuja kwa ajili ya kupunguza mwili huja na maelezo marefu na takwimu chache. Huyu alikuja kinyume chake. Alikuwa na jedwali la wiki tisa, limepangwa kama leja: kila alichokula, kila alichokunywa, kila siku aliyokimbia, na kalori ambazo saa yake ya mkononi ilidai zimeungua. Kila siku ilifungwa kwa nakisi, yaani amekula pungufu ya alichotumia. Nilipojumlisha nakisi za siku zote 63 nikapata karibu kalori 41,000. Kilo moja ya mafuta ya mwili hukadiriwa kubeba kalori 7,700, kwa hiyo alitakiwa awe ameshusha kilo tano na ushee. Mizani yake ilianzia 84.2 ikaishia 84.0.

"Dokta," alisema (mimi si daktari, ni mtu wa lishe, lakini mjini hapa ukikaa nyuma ya meza yenye mizani pembeni unaitwa dokta tu), "kwenye vitabu kilo tano zimetoka. Nikienda stoo, bado zipo."

Alikuwa ameshapewa ushauri wa kila rangi. Shoga zake walimwambia ana mwili mgumu kuyeyuka. Kiongozi wa klabu yao ya joging alitaka aongeze siku ya tano. Dada yake alimkataza ugali. Vipimo vya sukari na vya tezi ya shingo alikwisha fanya hospitali, havikuwa na tatizo. Kilichobaki ni hesabu, na hesabu ndiyo kazi yake, jambo lililomuudhi kuliko uzito wenyewe.

Jinsi alivyokuwa akihesabu

Programu ya simu ilianza kwa kumuuliza jinsia, umri, urefu na uzito. Kwa hayo ikakokotoa kalori za msingi, zile ambazo mwili ungetumia kama angelala kitandani kutwa nzima bila kufanya lolote. Kanuni inayotumika sana ni ya Mifflin na St Jeor, iliyochapishwa 1990. Kwa mwanamke ni uzito mara 10, jumlisha urefu mara 6.25, toa umri mara 5, kisha toa 161. Kwake inatoka 1,510.

Swali lililofuata ndilo lililozaa matatizo: unajishughulisha kiasi gani? Majibu yalikuwa manne, kuanzia mtu wa kukaa hadi mtu wa shughuli nyingi. Nyuma ya kila jibu kuna kizidisho ambacho mtumiaji haonyeshwi: 1.2, 1.375, 1.55, 1.725. Yeye akawaza, kama wengi wanavyowaza, kwamba mtu anayekimbia siku nne kwa wiki hawezi kujiita mtu wa kukaa. Akachagua la tatu. Kalori 1,510 mara 1.55 ni 2,340. Akaomba kupungua nusu kilo kwa wiki, programu ikatoa 500, ikampa ruhusa ya kula 1,840 kwa siku.

Baadaye akaiunganisha saa. Klabu yao hukutana Jumanne, Alhamisi, Jumamosi na Jumapili alfajiri, kilomita sita, nusu wakikimbia na nusu wakitembea haraka, dakika 54 hivi. Saa iliandika kalori 620 kila safari, na programu ikaziongeza kwenye ruhusa ya siku ile. Simu nayo ilikuwa mfukoni ikihesabu hatua. Kila siku ya joging ikaleta nyongeza yake, wastani wa 180, chini ya kichwa cha habari "hatua za ziada". Basi siku ya mazoezi ruhusa ikapanda mpaka 2,640.

Hakuzila zote. Alikuwa akibakiza kama 150 kila siku, "akiba", kwa maneno yake. Wastani wa alichoandika kwa wiki nzima ulikuwa 2,150 kwa siku.

Kilomita sita zina thamani gani

Tuanze na mwili wenyewe kabla ya kuilaumu saa. Kutembea kwenye ardhi tambarare hugharimu takriban nusu kalori kwa kila kilo ya uzito kwa kila kilomita. Kukimbia hugharimu karibu mara mbili ya hapo, kalori moja. Kwa kilo 84, kilomita tatu za kukimbia ni 252 na kilomita tatu za kutembea ni 126. Jumla 378. Kasi haibadilishi sana jumla hiyo. Ukikimbia haraka unaimaliza mapema tu.

Hizo 378 ni za ziada, juu ya zile ambazo angetumia hata kama asubuhi ile angekaa sebuleni akinywa chai. Saa haitenganishi hayo mawili. Inajumlisha kila kilichoungua ndani ya zile dakika 54, pamoja na kalori 75 hivi ambazo zingeungua kwa vyovyote na ambazo tayari zimo kwenye hesabu ya siku nzima. Kwa hiyo hata saa isiyokosea hata chembe ingeandika kama 450.

Yake iliandika 620, na haishangazi. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walipima vifaa saba vya kuvaa mkononi kwa watu 60. Kwenye mapigo ya moyo vilifanya vizuri, sita kati ya saba vikikosea chini ya asilimia 5. Kwenye kalori, kile kilichokaribia ukweli kuliko vyote kilikosea kwa wastani wa asilimia 27, na cha mwisho asilimia 93. Kifaa hakioni kalori. Kinaona mapigo na mtikisiko wa mkono, kisha kinakisia. Na mapigo ya moyo Dar es Salaam hupandishwa na mengi. Jua la saa moja na nusu asubuhi, unyevu wa hewa ya pwani, kilima cha mtaa wa pili, mbwa. Joto linaufanya moyo ukimbie kuliko misuli, na saa inahesabu moyo.

Wako wanaokimbia wamejifunga nailoni tumboni au wamevaa sweta ili "mafuta yatoke". Kinachotoka ni maji, na yanarudi na chupa ya kwanza.

Risiti

Hapo nilichukua karatasi tukapanga wiki moja. Kwanza ile 1.55. Kwa mtu mwenye kazi ya mezani ambaye hata hivyo hupanda daladala, huzunguka ngazi za Kariakoo, hupika na hufua, niliweka 1.3 bila kuhesabu joging. Inatoka 1,963 kwa siku. Tofauti na 2,340 ya programu ni 377. Hizo 377 ni nini? Ni mazoezi. Programu ilimlipa joging mapema, kila siku, hata Jumatatu aliyoshinda ofisini. Kwa wiki ni 2,639.

Pili, saa: 620 mara siku nne, 2,480.

Tatu, hatua za simu: 180 mara nne, 720. Hatua zenyewe ni za kilomita zilezile sita. Mguu mmoja umehesabiwa na mkono na mfuko.

Jumla, kalori 5,839 kwa wiki zimeandikwa kwa jina la mazoezi. Mazoezi yenyewe, kwa hesabu yetu ya 378 kwa siku nne, ni 1,512.

Aliitazama ile karatasi kimya, akachukua kalamu mkononi mwangu, akaunganisha mistari mitatu kwa mabano. "Hii ni risiti moja. Imeingizwa mara tatu, tena kwa bei ya juu."

Sikuwa na la kuongeza. Lakini ni vizuri kusema kwamba hakuna aliyedanganya hapa. Ziko programu zinazotaka uchague kiwango cha shughuli bila mazoezi, ili mazoezi yaongezwe siku yanapofanyika. Zipo nyingine zinazotaka mazoezi yawemo humo humo, na baada ya hapo usiongeze kitu. Njia zote mbili ni halali. Maswali yake ya mwanzo yanafanana kama mapacha, na hakuna linalokuonya kwamba ukijibu kwa mtindo wa pili kisha ukaunganisha saa kwa mtindo wa kwanza, umelipwa mara mbili. Nimeona kosa hili kwa walimu, kwa madereva, kwa muuguzi mmoja. Kumwona mhasibu nalo kulinifariji kidogo.

Yale mwili unayorudisha kimyakimya

Kuna tabaka jingine ambalo hata hesabu safi isingelikamata, na utafiti wake mkubwa ulifanyika hapa kwetu, kando ya Ziwa Eyasi. Mwaka 2012 Herman Pontzer na wenzake walichapisha vipimo vya watu wazima 30 wa Kihadzabe. Waliwapa kunywa maji yenye haidrojeni na oksijeni zilizotiwa alama, wakakusanya mkojo kwa siku kadhaa, na kutokana na jinsi alama zile zinavyopungua wakajua kila mtu alitumia nishati kiasi gani. Hicho ndicho kipimo kinachoaminika kuliko vyote nje ya maabara. Wahadzabe wanawinda, wanachimba mizizi, wanapanda mibuyu kutafuta asali. Wanaume hutembea zaidi ya kilomita 10 kwa siku. Kila mtu alitarajia watumie kalori nyingi mno kuliko karani wa Marekani. Ukubwa wa mwili ulipozingatiwa, hawakutofautiana.

Namna mwili unavyofanya hivyo bado wataalamu wanabishania. Uchambuzi uliotolewa 2021 na Vincent Careau na wenzake, kwa takwimu za watu wazima 1,754, ulikadiria kwamba kwa wastani asilimia 28 ya kalori za ziada za shughuli hufidiwa kwa mwili kubana matumizi mahali pengine, na kwa wenye mafuta mengi zaidi fidia ni kubwa zaidi. Mbali na huko ndani, sehemu nyingine ya ubanaji huonekana kwa macho. Mhasibu wetu alikiri kwamba Jumamosi baada ya joging hulala mchana, maji hutumwa watoto, na kutoka kituoni hupanda bajaji kwa mwendo ambao siku nyingine huutembea.

Ukipunguza asilimia 28, zile 378 zinabaki 272. Ziweke kando ya 620 za saa: ni asilimia 44. Wakimbiaji wa mitaani wana kanuni yao ya mdomo kwamba ukila kalori za mazoezi, kula nusu ya zilizoandikwa. Hakuna aliyewafundisha, lakini wamelenga karibu sana.

Supu

Joging ya Jumamosi ya klabu yao, kama ya klabu nyingi za Dar, haimaliziki kwenye mstari wa mwisho. Inamalizikia kwenye supu. Bakuli la supu ya mbuzi, chapati mbili, soda. Kwa ruhusa ya 2,640, supu ile ilikuwa inaingia bila wasiwasi.

Aliiandika yote. Ila programu ilikuwa na chapati ya kalori 120. Nikamuuliza hiyo ni chapati gani. Ilikuwa ya Kihindi, nyembamba, iliyokaushwa kwenye kikaango bila mafuta. Chapati ya kusukuma ya kwetu, iliyopakwa mafuta, ikakunjwa, ikasukumwa tena na kukaangwa, haikosi 250 hadi 300. Ziko namba zinazotufaa zaidi: majedwali ya viinilishe vya vyakula vya Tanzania yaliyotolewa 2008 na Muhimbili, Taasisi ya Chakula na Lishe na Harvard. Wakenya nao wana yao ya 2018. Lakini ni wachache wanaoyafungua, na programu nyingi zimejaa vyakula vya jikoni kwa wengine.

Nyumbani tatizo lilikuwa mafuta. Mchicha uliandikwa "bakuli moja", wali "sahani moja". Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ya kupikia ni kalori 120, na kwenye sufuria yake mafuta yalimiminwa kutoka kwenye dumu bila kupita kwenye kijiko. Tui la wali halikuandikwa kabisa. Nilikadiria kalori 120 hivi kwa siku hazijaingia kitabuni. Hilo ni kosa dogo. Katika utafiti mmoja maarufu wa 1992, watu kumi waliodai kwamba hawapungui hata wakijinyima walipimwa, ikaonekana wameandika chakula pungufu kwa asilimia 47 na kuzidisha mazoezi kwa asilimia 51. Ukilinganisha na hao, mwanamke huyu alikuwa mwandishi mwaminifu sana.

Lakini hizo 120 zina maana kubwa katika uchambuzi. Kama alikuwa akiandika 2,150 na kula 2,270, na uzito haukusogea kwa wiki tisa, basi mwili wake ulikuwa ukitumia 2,270, si zile 2,120 ambazo hesabu yangu ya 1.3 pamoja na joging iliyofidiwa ilikuwa inanipa. Ningeweza kurudi kwenye kizidisho, nikakipandisha mpaka 1.4, hesabu ikakaa. Ingekuwa kazi bure. Mizani ilishajibu swali ambalo kanuni zote zinajaribu kulikisia: kwa namna anavyoandika yeye, na joging zake nne, na mafuta yake ya dumu, 2,150 za daftari ndizo zinazomweka palepale. Kwamba 2,150 za daftari ni 2,270 za sufuria hakuna haja ya kulijua, mradi kesho aandike kama alivyoandika jana.

Uamuzi

Kulikuwa na njia mbili. Ya kwanza, kuanza na kiwango cha mtu wa kukaa, kisha siku ya joging kurudisha nusu ya namba ya saa. Inafaa kwa mtu ambaye mazoezi yake hayatabiriki, wiki hii mara moja, wiki ijayo mara tano. Ya pili, namba moja isiyobadilika, mazoezi yakiwa yameshamezwa humo, na saa ikae kimya.

Nilichagua ya pili, na sababu haikuwa hesabu. Katika jedwali lake niliona siku kadhaa za wiki za mwisho zenye "kutembea jioni, kalori 210", na chini yake chipsi au soda. Alikuwa ameanza kukimbia ili anunue chakula. Mtu akifika hapo, kila jaribu la tumbo linageuka kuwa safari ya mguu, na saa inayokosea ndiyo inayopanga bei. Namba isiyobadilika inakata uzi huo. Hakuna cha kununua.

Basi 2,150 toa 400: 1,750 kwa siku, siku ya joging na siku isiyo ya joging. Kwa 400 angeshuka kama theluthi moja ya kilo kwa wiki. Alitaka 600, nikakataa. Mtu anayekimbia kilomita 24 kwa wiki, anayelea na kufanya kazi, hahitaji pupa. Saa ikatenganishwa na programu, hatua zikazimwa. Na chapati nikaiacha na uongo wake wa 120. Hili lilimshangaza, akataka tuisahihishe. Nikamwambia ile 2,150 imejengwa na chapati ya 120 ndani yake. Ukiisahihisha leo, kipimo chako cha wiki tisa unakitupa. Sharti ni moja: zibaki mbili za Jumamosi. Zikiwa nne, uongo unakuwa mara mbili na kipimo kinavunjika.

Alinyamaza, kisha akauliza lile ambalo wote huuliza. "Kwa hiyo nikimbie bure?"

"Hapana, dada. Usipokimbia, namba yako ni 1,600 au chini kidogo. Tofauti ndiyo malipo, ila umeyalipwa kwenye mshahara, si kwa siku."

Malipo mengine hayamo kwenye kalori hata kidogo. Shinikizo lake la damu lilikuwa linakaribia mpaka. Watu waliopunguza uzito mwingi na kudumu nao wana tabia moja inayojirudia: kule Marekani, kwenye rejista ya watu wa aina hiyo iliyoanzishwa 1994, wengi huripoti kama saa moja ya mwendo kila siku. Chakula ndicho kinachoshusha uzito kwa haraka zaidi, mwendo ndio unaouzuia usirudi. Naona mjadala wa kalori za mazoezi unawasahaulisha watu hilo.

Kupima: kila asubuhi baada ya choo na kabla ya chai, kisha wastani wa wiki. Namba ya siku moja haisomwi. Kwa mwanamke anayepata hedhi, wiki hulinganishwa na wiki ya mahali palepale katika mwezi uliopita, kwa sababu maji peke yake yanaweza kumwongezea kilo nzima kabla ya siku zake.

Wiki nane

Wiki ya kwanza ilishuka kilo 1.1. Alifurahi, nikampoza. Mtu akipunguza chakula, akiba ya wanga iliyomo kwenye misuli na ini inapungua, na kila gramu ya akiba hiyo hutunzwa na gramu kama tatu za maji. Hayo ndiyo yaliyotoka. Wiki ya tatu wastani ukapanda nusu kilo. Alinitumia picha ya mizani saa tano usiku, baada ya wali wa harusi, akiwa na nguo zake zote. Nikamjibu asubuhi kwamba mizani ya usiku wa harusi haihukumu mtu. Hedhi ilikuja siku mbili baadaye na namba ikarudi chini.

Wastani wa wiki ya nane ulikuwa 81.3. Kutoka 84.0 ni kilo 2.7, hesabu ya 400 kwa siku ilitabiri 2.9. Ukaribu huo una bahati ndani yake, na sehemu ya zile 2.7 ni maji ya wiki ya kwanza. Mwelekeo wa wiki nne za mwisho ndio ninaouamini: kila wiki kama gramu 300.

Pale ambapo kanuni ilibidi ivunjwe

Desemba alijiandikisha nusu marathoni ya Kilimanjaro, kilomita 21 pale Moshi, na joging ya Jumapili ikaanza kurefuka: kumi, kumi na mbili, kumi na nne. Hapo namba moja isiyobadilika haikufaa tena, maana 1,750 ilikuwa imemeza kilomita sita, si kumi na nne.

Kwa kilo 81, kilomita 14 zenye tisa za kukimbia na tano za kutembea ni kalori 930 hivi. Kilomita sita za kawaida kwa uzito huo ni 365. Ziada ni 565. Tuliamua arudishe nusu ya ziada, 280, siku ileile, na ziwe chakula cha mbio: ndizi mbivu mbili kabla ya kutoka, kipande cha muhogo wa kuchemsha au uji wenye sukari baada ya kurudi. Supu ikabaki na nafasi yake ya Jumamosi. Kwa hesabu hii hakuna saa inayohusika. Kilomita zinatosha, na kilomita saa huzipima vizuri.

Kabla ya hapo alikuwa amejaribu kuikimbia kumi na mbili kwa 1,750. Jumatatu yake ilikuwa ya kutazamwa: saa nne asubuhi ameshamaliza chakula cha mchana, jioni miguu mizito, usiku amekula mkate nusu akiwa amesimama jikoni. Huo mkate, ambao kwa uaminifu wake aliuandika, ulizidi zile kalori ambazo Jumapili alijinyima. Wanaoshikilia kwamba kalori za mazoezi zisirudishwe kamwe, naamini hawajawahi kukimbia kilomita 16 wakiwa na kikombe cha chai ya rangi tumboni. Kwa mwanamke kuna dalili nzito zaidi ya njaa: hedhi ikianza kuchelewa au kukatika katika kipindi cha mazoezi makali na kula kidogo, kupungua uzito kunasimamishwa kwanza na daktari halisi anaonwa. Kwake haikutokea, lakini tuliiweka kwenye jedwali kama safu.

Januari mtoto wake mdogo aliugua na siku tano zikapita bila joging. Hatukugusa namba. Kwa siku chache tofauti ni ndogo kuliko kosa la kukadiria wali. Zikizidi wiki mbili ndipo 150 zinatolewa.

Wiki ya mwisho ya Januari wastani ulikuwa 80.2, na kasi imepungua. Sehemu ya upungufu huo ilitarajiwa. Mwili wa kilo 80 hutumia pungufu ya mwili wa kilo 84: kalori za msingi zimeshuka 40 hivi, kila kilomita inagharimu pungufu kidogo kuliko awali, na zile 400 za mwanzo sasa ni kama 330. Hesabu ya kugawa kwa 7,700 haijui hilo, ndiyo maana jedwali la mtu huonyesha mteremko ulionyooka ilhali mizani huchora mteremko unaolala.

Baada ya Moshi atapumzika wiki mbili bila kukimbia. Wiki hizo hatafuti kupungua: atakula 1,950 za daftari, miguu ipone. Wastani wa wiki ya pili ndio tutakaouanzia, kwa sababu akiwa na kilo 80 na bila joging ile 2,150 ya Septemba haipo tena, na hatujui mpya ni ngapi mpaka mizani iseme.